Kupima umbali kati ya nukta mbili za dunia kwa msimbo: haversine, bapa au elipsoidi?

Una majiranukta mawili, yaani latitudo na longitudo ya huku na latitudo na longitudo ya kule, na unataka programu ikuambie kuna mita ngapi katikati. Ukiuliza, wengi watakujibu kwa neno moja: haversine, yaani fomula inayopima umbali kana kwamba dunia ni tufe kamili. Msimbo wake umenakiliwa kila mahali, una mistari isiyofika kumi, na ukiujaribu unatoa namba inayoaminika. Jibu hilo si baya. Tatizo ni kwamba limegeuka mazoea, na mara nyingi nimeona mtu akitupa njia nyepesi iliyokuwa sahihi zaidi kwa kazi yake, akaikimbilia haversine kwa sababu tu ina jina zito.

Basi nianze na namba, maneno yafuate. Jedwali hili linapima jozi nne za nukta kwa njia nne. Latitudo imeandikwa kwanza, na majibu yote ni kilomita.

| Kutoka na hadi | Pythagoras mtupu | Bapa lililorekebishwa | Haversine | Elipsoidi |
|---|---|---|---|---|
| (0, 0) hadi (0, 1) | 111.195 | 111.319 | 111.195 | 111.319 |
| (0, 0) hadi (1, 0) | 111.195 | 110.574 | 111.195 | 110.574 |
| (60, 0) hadi (60, 1) | 111.195 | 55.800 | 55.597 | 55.799 |
| (60, 0) hadi (60, 180) | 20,015.115 | 10,044.000 | 6,671.705 | 6,695.786 |

Safu ya mwisho ndiyo kipimo chetu cha ukweli: elipsoidi (tufe lililobonyea kidogo nchani) ya WGS84, umbo lile lile linalotumiwa na GPS. Sasa tazama safu mlalo tatu za kwanza. Njia ya bapa, ile ambayo watu huidharau eti "dunia si bapa", inakwenda sambamba na ukweli hadi mita ya mwisho au karibu yake. Haversine ndiyo iliyokosea: mita 124 katika ya kwanza, mita 621 katika ya pili, mita 202 katika ya tatu. Safu mlalo ya nne ndipo mambo yanapopinduka, na bapa linatoka nje ya njia kwa zaidi ya kilomita 3,300.

Uamuzi mzima unakaa ndani ya jedwali hilo. Kuna makosa mawili tofauti yanayochanganywa kuwa moja. La kwanza ni kusahau kwamba uso wa dunia umepinda. La pili ni kusahau kwamba dunia si tufe kamili. Haversine inatibu la kwanza na kuliacha la pili. Kwa umbali mfupi, la kwanza ni dogo mno na la pili ndilo kubwa. Kwa umbali mrefu, kupinda ndiko kunakotawala.

Pythagoras mtupu

Hii ni ile ya kutoa latitudo kwa latitudo, longitudo kwa longitudo, kuzidisha zenyewe kwa zenyewe, kujumlisha, kutafuta kipeuo cha pili, kisha kuzidisha kwa 111 na ushei. Mimi siitumii popote, hata pale ninapotaka kupanga tu bila kujali thamani yenyewe. Mtu husema, "Sihitaji mita, nataka tu iliyo karibu zaidi." Haya, simama kwenye latitudo 60. Nukta moja iko digrii 1 mashariki yako, nyingine iko digrii 0.6 kaskazini. Pythagoras atakuambia ya kaskazini ndiyo ya karibu, kwa kuwa 0.6 ni ndogo kuliko 1. Ukweli ni kwamba ya mashariki iko kama kilomita 56 na ya kaskazini karibu kilomita 67. Mpangilio wenyewe umegeuka. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta, na kwenye latitudo 60 digrii moja ya longitudo imebaki nusu ya ilivyokuwa.

Bapa lililorekebishwa

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huo ni kuzidisha tofauti ya longitudo kwa kosini ya latitudo ya katikati. Wengi huishia hapo, na tayari wamepata matokeo yanayolingana na haversine kwa umbali wa mjini. Lakini kuna hatua ya pili ambayo gharama yake ni ndogo na faida yake kubwa: badala ya nusu kipenyo kimoja cha dunia, tumia viwili, kimoja cha mpindo wa kaskazini na kusini, kingine cha mashariki na magharibi.

Vinatofautiana kwa sababu dunia imetuna kwenye ikweta na kubonyea kwenye ncha. Nusu kipenyo cha ikweta ni kilomita 6,378.137, cha kuelekea ncha ni kilomita 6,356.752. Ajabu yake ni hii: digrii moja ya latitudo ni fupi zaidi ikweta, kilomita 110.574, na ndefu zaidi nchani, kilomita 111.694. Mtu angetarajia kinyume, kwa kuwa ikweta iko mbali zaidi na kitovu. Ila kinachoamua hapa ni mpindo. Nchani uso umelala zaidi, kwa hiyo inabidi utembee mbali zaidi ili mwelekeo wa wima ubadilike kwa digrii moja.

```python
from math import radians, sin, cos, sqrt, hypot

def bapa(lat1, lon1, lat2, lon2):
    a, e2 = 6378137.0, 0.00669437999014   # WGS84
    kati = radians((lat1 + lat2) / 2)
    w = 1 - e2 * sin(kati) ** 2
    M = a * (1 - e2) / w ** 1.5           # kaskazini-kusini
    N = a / sqrt(w)                       # mashariki-magharibi
    dlon = (lon2 - lon1 + 180) % 360 - 180
    dy = radians(lat2 - lat1) * M
    dx = radians(dlon) * N * cos(kati)
    return hypot(dx, dy)                  # mita
```

Mstari wa `dlon` usiuruke. Nukta mbili zikiwa kwenye longitudo 179.9 na -179.9, zimeachana kwa digrii 0.2 tu, lakini utoaji wa kawaida utakupa 359.8 na programu yako itamzungusha mtu dunia nzima. Haversine haiugui ugonjwa huu kwa sababu sini na kosini hujirudia zenyewe, nayo ni sifa yake moja ya kweli.

Je, bapa linafaa hadi wapi? Hitilafu yake hukua kwa umbali ulioinuliwa mara tatu: umbali ukiongezeka mara 10, hitilafu huongezeka mara 1,000. Pia hukua kadiri unavyokaribia ncha. Kwenye latitudo 60, ukienda mashariki kilomita 55, unapoteza nusu mita. Ukienda kilomita 500, unapoteza kama mita 380. Weka hiyo kando ya haversine: kwa safari hiyo hiyo ya kilomita 500, haversine hukosea kwa kama kilomita 1.8. Kwa hiyo hata kwa mamia ya kilomita, katika latitudo za kawaida, bapa lililorekebishwa vizuri huishinda haversine. Kilomita elfu moja hivi ndipo mizani inapoanza kuinamia upande wa pili, na ukikaribia ncha usiliguse kabisa.

Lina faida nyingine. M na N hubadilika polepole sana, kwa hiyo ukiwa na nukta elfu kumi ndani ya eneo moja dogo, zikokotoe mara moja tu. Kinachobaki kwa kila jozi ni kuzidisha na kujumlisha, hakuna sini wala kosini ndani ya kitanzi. Na kama unapanga tu zilizo karibu, hata kipeuo cha pili hukihitaji, linganisha miraba.

Haversine

Sasa tumpe mwenye sifa haki yake. Neno lenyewe liliingizwa na James Inman mwaka 1835, katika zama ambazo nahodha alikokotoa kwa majedwali ya logi, na maana yake ni nusu ya versine, chombo cha zamani cha trigonometria. Waandishi wa programu waliifufua baada ya R. W. Sinnott kuisifia mwaka 1984 kwenye jarida la Sky & Telescope, kwa sababu ya tabia yake njema pale nukta zinapokaribiana sana.

```python
from math import radians, sin, cos, asin, sqrt

def haversine(lat1, lon1, lat2, lon2, R=6371008.8):
    f1, f2 = radians(lat1), radians(lat2)
    df = f2 - f1
    dl = radians(lon2 - lon1)
    h = sin(df / 2) ** 2 + cos(f1) * cos(f2) * sin(dl / 2) ** 2
    return 2 * R * asin(min(1.0, sqrt(h)))
```

Hiyo `min` ina kazi. Nukta zikiwa pande mbili kinyume za dunia, makosa madogo ya kukadiria yanaweza kuipandisha `h` juu kidogo ya 1, na `asin` ikakataa. Ni mara chache, na ndiyo sababu hutokea saa tisa usiku kwenye seva badala ya mezani kwako ukijaribu.

Hitilafu yake dhidi ya dunia halisi hufikia kama asilimia 0.5, kutegemea uko wapi na unaelekea wapi. Hilo usisahau: si hitilafu ya nasibu inayojifuta ukijumlisha. Ukienda kaskazini karibu na ikweta, haversine hukupa umbali mrefu kuliko ulivyo, kila mara. Ukienda mashariki, hukupa mfupi, kila mara. Jumlisha vipande elfu vya njia inayoelekea upande mmoja, na upotofu unabaki ule ule kwa asilimia.

Nusu asilimia ni nyingi au kidogo? Ukimwonyesha mtu "kilomita 3.2 kutoka hapa", hakuna atakayejua. Ukitoza mtu kwa kilomita, ukipima mpaka wa shamba, au ukilinganisha na kipimo cha mpimaji ardhi, ni nyingi.

Halafu kuna suala la R ambalo halisemwi vya kutosha. Haversine ni fomula, na jibu lake linategemea nusu kipenyo unachoilisha. Wengi huweka 6,371. Hifadhidata ya MySQL, kwenye fanksheni yake ya `ST_Distance_Sphere`, huanza na mita 6,370,986 kwa nukta zisizopewa mfumo wa majiranukta (SRID 0). Hifadhidata ya Redis, kwenye amri ya `GEODIST`, hutumia mita 6,372,797.56. Tofauti hiyo ni kama asilimia 0.028: katika kilomita 1,000 mifumo hiyo miwili itapishana kwa mita 284, yote ikiapa kwamba inatumia haversine. Ukiwa na jaribio linalolinganisha jibu la Redis na jibu la msimbo wako hadi tarakimu ya mwisho, litafeli, na hakuna aliyekosea.

Ndugu yake haversine, kanuni ya kosini kwenye tufe, ina mstari mmoja tu na `acos` mwishoni. Kwa hesabu safi ya karatasi majibu ni yale yale. Kwa kompyuta, nukta zikikaribiana, kosini ya pembe hukaribia 1 na tarakimu za maana hupotea. Kwa namba za biti 64 hatua ndogo inayoweza kutofautishwa karibu na sifuri ni kama sentimita 10, jambo linalovumilika. Kwa biti 32 hatua hiyo ni zaidi ya kilomita 2! Juu ya hayo, nukta moja ikilinganishwa na yenyewe inaweza kutoa 1.0000000000000002, na `acos` ikakurudishia NaN (alama ya "si namba") au kosa. Sioni sababu ya kuichagua leo.

Elipsoidi: Vincenty na Karney

Hapa ndipo usahihi wa kweli ulipo. Thaddeus Vincenty alichapisha mbinu yake mwaka 1975, akiibana ili iingie kwenye mashine zenye kumbukumbu ndogo za wakati ule. Inakwenda kwa kurudiarudia hesabu hadi jibu litulie, na usahihi wake ni nusu milimita. Kwa miongo kadhaa ndiyo iliyokuwa kauli ya mwisho.

Ina kasoro moja. Nukta zikikaribia kuwa kinyume kabisa duniani, marudio hayatulii. Chukua (0, 0) na (0.5, 179.7): umbali halisi ni takriban kilomita 19,944, ila Vincenty huzunguka bila kufika. Kama aliyeiandika hakuweka kikomo cha marudio, programu inaganda. Kama aliweka, unapata kosa au NaN. Utasema, nani anapima umbali wa kuzunguka nusu ya dunia? Jibu: yeyote mwenye data chafu. Mtu mmoja akikosea alama ya kutoa, nukta yake inaruka upande wa pili wa sayari.

Charles Karney alimaliza tatizo hilo kwa algoriti aliyoichapisha mwaka 2013. Inatulia kwa jozi yoyote ya nukta, na hitilafu yake ni ya nanomita kadhaa. Maktaba yake inaitwa GeographicLib, na leo imo ndani ya vyombo vingi ambavyo huenda unavitumia bila kujua. geopy, maktaba ya Python, iliiondoa Vincenty katika toleo la 2.0, na `geodesic` yake inategemea kazi ya Karney. PostGIS, kiongezo cha hifadhidata ya PostgreSQL kwa data za mahali, nayo inaitumia tangu toleo la 2.2.

```python
from geographiclib.geodesic import Geodesic
d = Geodesic.WGS84.Inverse(60, 0, 60, 1)["s12"]     # latitudo kwanza

from pyproj import Geod
_, _, d = Geod(ellps="WGS84").inv(0, 60, 1, 60)     # longitudo kwanza!
```

Angalia mistari hiyo miwili kwa makini. Hesabu ni ile ile, jibu ni lile lile, lakini mpangilio wa namba umegeuzwa. Nitalirudia hili chini kwa sababu limeharibu kazi nyingi kuliko fomula zote mbaya zikiwekwa pamoja.

Na kichekesho kidogo cha elipsoidi: nukta mbili zilizo kinyume kabisa kwenye ikweta, (0, 0) na (0, 180), njia fupi kati yake haipiti ikweta. Inapita nchani, kilomita 20,003.9, wakati kwa ikweta ni 20,037.5. Ukiona mshale wa njia yako umeelekea kaskazini, programu haijaharibika.

Gharama yake ni muda wa kukokotoa. Kwa jozi moja, au elfu, hutauhisi. Kwa jedwali la nukta 10,000 dhidi ya 10,000 unazungumzia jozi milioni 100, au milioni 50 ukiacha zinazojirudia, na hapo utauhisi sana. Lakini kwa ukubwa huo tatizo lako halisi si fomula. Ni kwamba unalinganisha kila kitu na kila kitu.

Ukiwa na hifadhidata, usikokotoe wewe

Njia mbovu ninayoikuta mara kwa mara ni hii: mtu ameweka latitudo na longitudo kwenye safu wima mbili za kawaida, akaandika haversine ndani ya SQL, kisha kila ombi linapokuja hifadhidata inapima umbali wa kila rekodi iliyopo ili ichague tano. Kwa rekodi mia tano hakuna atakayelalamika.

Kwenye PostGIS chagua aina ya `geography`, weka faharasa, kisha uliza hivi:

```sql
SELECT id
FROM vituo
WHERE ST_DWithin(
  mahali,
  ST_SetSRID(ST_MakePoint(10, 60), 4326)::geography,
  5000
);
```

`ST_DWithin` hupitia faharasa kwanza na kupima waliobaki tu. Ukiandika `ST_Distance(...) < 5000` maana ni ile ile kwa macho ya binadamu, lakini faharasa haitumiki. Na aina ya `geometry` yenye SRID 4326 (namba ya mfumo wa latitudo na longitudo za WGS84) ni mtego: hukupa jibu kwa digrii, yaani Pythagoras mtupu aliyevaa suti.

Bila hifadhidata ya namna hiyo, tengeneza kisanduku: latitudo za chini na juu, longitudo za kushoto na kulia, chuja kwa kulinganisha namba za kawaida, halafu pima kwa fomula wale waliobaki. Ukitaka kutafuta jirani wa karibu ndani ya kumbukumbu ya programu, geuza kila nukta kuwa x, y, z kwenye tufe na uziingize katika mti wa k-d, muundo wa data unaogawa nafasi ili jirani apatikane haraka. Urefu wa mstari ulionyooka unaokata ndani ya tufe hupanga nukta sawasawa na umbali wa juu ya uso wake, kwa hiyo jirani atakayepatikana ni yule yule ambaye haversine ingemchagua, na hakuna shida ya longitudo 180 wala ya ncha. Kwa scikit-learn, maktaba ya Python, kuna `BallTree` inayoijua haversine moja kwa moja, ila inataka radiani, latitudo kwanza.

Makadirio ya ramani

Wengine hupima kwenye mita za ramani iliyokwisha kulazwa bapa. UTM ni nzuri kwa hilo: imeigawa dunia kwa kanda 60 zenye upana wa digrii 6, na kwenye mstari wa katikati wa kanda mita 1,000 za kweli husomeka 999.6. Shida huja nukta moja ikiwa kanda hii na nyingine kanda ile.

Mercator ya wavuti, EPSG:3857, usiipimie umbali. Inatoa "mita", lakini ni mita zilizovutwa: kwenye latitudo 60 kila mita imekuwa mbili. Nimekutana na makosa ya namna hii yakiwa yamekaa mwaka mzima ndani ya programu, kwa kuwa watengenezaji walijaribia karibu na ikweta ambako mvuto huo hauonekani.

Makosa yanayozidi tofauti za fomula

Unaweza kuchagua Karney na bado ukakosea kwa kilomita elfu nne. La kwanza ni mpangilio. geopy, GeographicLib na watu wa kawaida husema latitudo kwanza. GeoJSON, muundo wa faili za data za ramani, kwa mujibu wa kiwango chake cha RFC 7946 cha mwaka 2016, ni longitudo kwanza; vivyo hivyo `ST_MakePoint` na `GEOADD` ya Redis. Longitudo ikizidi 90, geopy itakukatalia pale itakapojikuta kwenye nafasi ya latitudo. Haversine uliyoiandika kwa mkono haitakataa. Na namba zote mbili zikiwa ndogo hakuna maktaba itakayogundua. Nguo yangu ya kujikinga ni ya kizamani: sipitishi namba tupu, natumia kitu chenye majina `lat` na `lon`.

La pili ni radiani. Ukisahau kugeuza digrii, haversine haitalipuka. Kwa jinsi ilivyoundwa, jibu lake daima huwa kati ya sifuri na kilomita 20,015, chochote utakachoilisha. Kwa hiyo upuuzi wake huonekana wa kistaarabu. Pythagoras angalau angekupa namba ya kushtua.

La tatu ni usahihi wa kuhifadhi. Tarakimu tano baada ya nukta ni takriban mita 1.1, zinatosha kwa mengi. Ukihifadhi kwa biti 32, longitudo za zaidi ya 128 zinaruka kwa hatua ya kama mita 1.7 penye ikweta. Hapo kubishania Vincenty ni kupaka rangi nyumba isiyo na paa.

La nne ni kelele za GPS. Simu chini ya anga wazi hukosea kwa mita tano hivi. Iache mezani ikirekodi kila sekunde, ujumlishe vipande, na usiku mmoja itakuwa "imetembea" kilomita nyingi. Hakuna fomula inayotibu hilo. Chuja nukta kwanza, au puuza miruko iliyo midogo kuliko hitilafu ambayo kifaa chenyewe kinaripoti.

Mimi ningechagua hivi

Kama lugha yako ina maktaba ya elipsoidi, anza nayo. Haikugharimu chochote cha maana, na inakuondolea mjadala. Ukiona kwa kipimo, si kwa hisia, kwamba ndiyo inayochelewesha, angalia umbali wenu ni wa kiasi gani. Kama ni wa mji au mkoa, hamia kwenye bapa lenye M na N. Kama ni wa mabara na unaonyesha tu makadirio kwenye skrini, haversine inakutosha, nayo unaweza kuiandika mahali pasipo na maktaba yoyote, hata ndani ya kifaa kidogo. Kama data imo ndani ya hifadhidata, iachie hifadhidata. Na kama mtumiaji anauliza "nitafika saa ngapi", funga ukurasa huu. Anachotaka ni umbali wa barabara, na hiyo ni kazi ya injini ya njia kama OSRM au Valhalla. Mto ukiwa katikati na daraja liko mbali, mita mia mbili za hewani zinaweza kuwa kilomita kumi za gurudumu.

Lolote utakalochagua, weka majaribio haya matatu kwenye msimbo wako, yote kwa WGS84: (0, 0) hadi (0, 1) ni mita 111,319.491, (0, 0) hadi (1, 0) ni mita 110,574.389, (0, 0) hadi (90, 0) ni mita 10,001,965.729. Mbili za kwanza zikitoka sawa kwa sawa, unatumia tufe. Zikibadilishana nafasi, umegeuza latitudo na longitudo.